Re: TOP yangu (kibali cha muda cha kutembeza gari) inaisha na Camaro ya 78 imegoma smogi (kipimo cha moshi), msaada tafadhali

Kutoka: Kijana wa Pongwe (California)

Wakuu shikamooni, na rika langu mambo vipi. Nimekwama na karatasi. Mwezi wa tatu nilinunua Camaro Z28 ya 1978 kwa babu mmoja anahamia kwa wanawe, akanipa taito (hati ya umiliki) kaisaini vizuri na REG 262, fomu ya kuhamisha gari, kajaza, nikamhesabia hela zake, nikauliza smogi iko wapi akasema gari ya zamani hii haihitaji, mi nikaona mzee wa watu mvi kichwa kizima atanidanganya nini. Nimeenda ofisi ya magari, DMV, kubadilisha jina, nimekaa masaa matatu na kinamba mkononi, kufika dirishani mama kaangalia taito mara moja tu: hii ni 78, leta smogi. Nikapewa TOP ya siku 60.

Sasa pale kwa fundi wa smogi ndo balaa. Kafungua boneti, kaingia chini na tochi, karudi anatikisa kichwa. Masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) hakuna, kumechomelewa bomba tupu, na kasoma namba iliyochongwa nyuma ya bloku anasema injini hii ni ya 1970. Eti niende kwa refa, mkaguzi wa serikali wa kesi ngumu za smogi. Refa nafasi yake ya karibu ni wiki tatu mbele na TOP inakata kabla ya hapo. Swali langu ni moja tu wakuu, naweza kupata TOP ya pili wakati nasubiri refa, au ndo niipaki?

Kutoka: Fundi wa Fresno

Umepigwa kaka, pole. Kwa sheria ya California smogi ni jukumu la MUUZAJI. Hukutakiwa kutoa hata shilingi kabla hajakupa cheti. Alafu msamaha unaishia 1975. Gari ya 75 kurudi nyuma hakuna anayekuuliza kitu, kuanzia 76 kila baada ya miaka miwili unapeleka, hata kama gari imezeeka kuliko wewe. Umekosa pepo kwa miaka mitatu.

Na hiyo injini ndo kesi yenyewe wala si masega. Ukibadili injini huku lazima iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, na ije na vifaa vyake vyote vya moshi. We unayo ya nyuma miaka minane. Ungeweka ya 1995 yenye kompyuta yake yote refa angekubandikia stika yake mlangoni ukaondoka unaimba. Mi yangu ni Mustang 5.0 ya 1988, nilinunua intake (bomba za kuingiza hewa kwenye injini) kwenye mtandao nikaifunga Jumamosi nzima, Jumatatu smogi wanauliza namba ya EO, ile ya kibali cha California kwa kifaa, iko wapi, haina. Nikaifungua, nikarudisha ile kuukuu ambayo namshukuru Mungu sikuiuza. Usitupe kitu chochote kilichotoka kwenye gari California, hata boliti.

Kutoka: Dada wa Tampa

Poleni na smogi zenu, Florida hatupimi moshi tangu 2000. Lakini tuseme ukweli jamani, kaka umehangaika na nini? Z28 ya 78 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 185. MIA NA THEMANINI NA TANO, kwa injini ya lita 5.7! Camry ya V6 ya juzi ina 301 na inapeleka watoto shule. Hizo za mwisho wa sabini si gari za misuli, ni stika na mistari tu. Ile ya 1970 ilikuwa na 360. Nusu nzima imepotelea wapi?

Kutoka: Kijana wa Pongwe

Dada ndo maana niliinunua, kwa sababu ina injini ya 1970! Babu aliisifia hiyo. Lakini turudi kwenye TOP tafadhali.

Kutoka: Mzee wa Flint

Marahaba mwanangu. Na wewe binti wa Tampa, ukiandika mambo ya namba uandike yote. Huyu kapima kwa pishi yule kapima kwa kibaba, halafu wewe unalinganisha hesabu. Mpaka 1971 viwanda vilikuwa vinafunga injini kwenye stendi, haina feni, haina alteneta, haina chujio la hewa, ekzosi ni bomba wazi, wanasoma namba hapo ndiyo wanaichapa kwenye brosha. Kuanzia 1972 ikapimwa na mizigo yake yote kama ilivyo ndani ya gari. Mwaka 1971 GM walichapa zote mbili, LT-1 ya Z28 wakaandika 330 kwa hesabu ya zamani na 275 kwa hesabu mpya. Injini ileile! Farasi 55 walikufa kwenye karatasi.

Sikatai kwamba kuna waliokufa kweli. Ile 360 ya 1970 ilikuwa inakaza mchanganyiko 11 kwa 1, mwaka uliofuata wakashusha hadi 9 kwa 1 ili iweze kunywa petroli yenye madini ya risasi kidogo. Kisha bima zikawapandia vijana, Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta, 1975 yakaja hayo masega mnayoyang'oa. Ford waliichukua Mustang wakaijenga juu ya Pinto, na ya 1974 hukuweza kuipata na V8 hata ulie. Kwa hiyo gari ya huyu kijana ni mtoto aliyezaliwa mwaka wa njaa. Usimcheke kwa kuwa mwembamba.

Na umbo lake mimi nalipenda. Camaro za 1970 mpaka 73 zina bampa nyembamba ya kromu kama bangili, ikaja sheria ya kugonga kwa maili 5 kwa saa bila kuumia, za 74 zikavaa bampa la alumini kama benchi la stendi. Hiyo ya 78 ndiyo walipoona haya, wakaficha bampa ndani ya pua laini iliyopakwa rangi ya gari. Kaitazameni kwa mbele jioni. Boneti refu, paa limelala, mkia mfupi. Mwanangu, yako ina zile paa za vioo za kutoa?

Kutoka: Kijana wa Pongwe

Inazo mzee. Zinavuja, nikipita kwenye mvua goti la kushoto linalowa lote, nimeweka taulo la kudumu. TOP jamani.

Kutoka: Dada wa Tampa

Mzee shikamoo, nimekubali pishi na kibaba. Lakini hata ukizipima zote kwa kibaba, mpya zinazigaragaza. Yangu ni Mustang GT ya 2015, farasi 435 kwa hesabu ya uchoyo, na huo ndio mwaka Mustang GT ilipoachana na eksi ya kipande kimoja nyuma, kila gurudumu linajitegemea, unaingia kona yenye mashimo katikati na gari halirukiruki. Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini ya 454 mnayoisujudia, 450 za kwenye stendi, robo maili sekunde 13 na ushee. Mustang GT ya leo ya dukani, eisi inapuliza, inaingia 12.

Kutoka: Mzee wa Flint

Sikubishii mbio. Mwaka 1971 nilikuwa mwanafunzi Detroit, tunapanga nyumba moja na kijana wa Kimarekani mwenye Pontiac GTO ya 69, Ijumaa usiku anatupakia tunakwenda Woodward Avenue. Taa ikiwa kijani anakanyaga, ule mngurumo unauskia kwenye meno, pua ya gari inanyanyuka unaona nyota. Tatizo taa inayofuata nayo nyekundu. Breki za dramu pande zote nne. Mara ya kwanza ilishika vizuri, ya pili pedali ikashuka nusu, ya tatu gari likavuta kushoto na ndani kukanuka kama pasi imeachwa juu ya shuka. Yule kijana kashika usukani mwembamba ule kama anavuta ng'ombe. Tulisimama katikati ya makutano, watu wanatupigia makofi. Hivyo ndivyo zilivyokuwa, zinajua kwenda tu. Dodge Hellcat ya 2015 yenye farasi 707 karibu tani mbili lakini ina diski kama sinia za pilau, inasimama.

Kutoka: Mpwa wa Reading

Huku Uingereza gari ikitimiza miaka 40 hulipi road tax, MOT (ukaguzi wa kila mwaka) si lazima ilimradi haijabadilishwa sana, hata ULEZ, ile tozo ya moshi ya London, inapita bure. Ya 78 ungekuwa unatesa tu. V5C, kadi ya gari, inaandikwa Historic basi.

Kutoka: Fundi wa Fresno

Yuko California bwana, V5C itamsaidia nini? Na hiyo "ilimradi haijabadilishwa" umeipitia haraka haraka, mwenzio kabadilishiwa injini.

Kutoka: Mpwa wa Reading

Nimesema tu. Mbona makali hivyo. Na dada kasahau kwamba hiyo 2015 ndiyo Mustang ya kwanza kiwanda kutoa usukani wa kulia, ndo maana siku hizi unaziona Nairobi, zinatoka huku kwetu. Nilitaka kumpelekea braza moja, nikapiga hesabu ya KRA, watoza kodi wa Kenya, na ile sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka minane, ushuru unataka kulingana na gari. Alafu 2024 walitaka kuongeza ile kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kama si watu kuipinga ungekuwa unalipia gari yako kama kodi ya nyumba.

Kutoka: Dada wa Tampa

Usianze siasa, tutaamka kesho hapa kuna meseji mia mbili.

Mimi nimalizie la umbo. Camaro ya mwisho, hii iliyoanza na modeli ya 2016 wakaifunga na modeli ya 2024, inakimbia kama shetani lakini madirisha yake ni kama unachungulia kwenye ufa wa ukuta wa makuti. Kutoka parking unasoma dua. Za zamani vioo vilikuwa vipana, ukishusha vyote upepo unapita kama uko barazani. Na hii Charger ya umeme ndo sitaki hata kuisikia, sauti inatoka kwenye spika. Ni kama harusi umeahidiwa taarabu unakuta mtu na laptop.

Kutoka: Mzee wa Flint

Mnajua mara ya kwanza kusikia V8 ikikasirika sikuwa Marekani? Ilikuwa Voi, 1964, Safari Rally ya Pasaka. Mwaka ule Wamarekani walileta timu ya Mercury Comet, magari makubwa kama vitanda. Sisi watoto tumekaa juu ya tuta tangu alasiri, kila mtu na muhogo wake wa kuchoma, Peugeot zinapita, Volvo zinapita, halafu ukasikika mvumo kwa mbali unapanda na kushuka na milima, kaka yangu akasema hiyo ndege. Ikatokea Comet, taa moja imekufa, vumbi jekundu mpaka kwenye ulimi. Tope na mawe vilizimaliza nyingi, ushindi akachukua Peter Hughes na Cortina yake ndogo. Lakini sisi wiki nzima shuleni tulikuwa tunaiga ule mvumo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anauweza. Tumemzika mwaka jana, sikuwahi kufika.

Kutoka: Mpwa wa Reading

Pole sana mzee. Mungu amrehemu.

Kutoka: Fundi wa Fresno

Pole mzee wangu.

Kijana, kesho nitaangalia kwenye banda langu, nadhani nina bloku ya 350 ya 1980 inakaa chini ya turubai. Masega utanunua mapya yenye EO, na ukae na risiti. Mengine utajua na refa.

Kutoka: Kijana wa Pongwe

Asante kaka, pole sana mzee. Na ile TOP? Ni tarehe 14, Jumanne.

Kutoka: Dada wa Tampa

Kijana, zile rimu kwenye picha uliyotuma mwezi wa tatu ni zilezile zilizokuja na gari? Zote tano, pamoja na ya spea? Mambo yakienda vibaya usimwonyeshe mtu kabla hujanipigia.