Naomba ushauri: lori linachemsha nikipandisha Newala

Habari za kazi wakuu. Nina lori la dizeli, silinda 6. Mtwara hadi Masasi geji ya joto inatulia nyuzi 85. Nikianza kupandisha Newala na saruji, gia ya chini, inafika 105. Nikisimama na kuiacha inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inashuka taratibu. Oili haijawa na rangi ya maziwa, yaani haijachanganyika na maji, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi siidhanii sana.

Fundi ameng'oa themostati (valvu inayofungua maji yapite kwenye rejeta injini ikipata moto), anasema kwenye joto la huku haina kazi. Moyo wangu umekataa. Sasa asubuhi injini inachelewa kupata moto, na mlimani inachemsha vilevile!

Juzi nilishika mipira ya rejeta: wa juu unaunguza, wa chini vuguvugu tu. Rejeta imeziba ndani? Au klachi ya feni (ile inayoishika feni izunguke kwa nguvu injini ikiwa ya moto)? Maana nikizima injini ikiwa ya moto, feni inazunguka kirahisi mno kwa mkono.

Nakiri nimekuwa nikiongeza maji ya kisima, yana chumvi. Nikishaosha rejeta, kulanti (dawa ya kupoozea injini) nichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, si asidi? Na themostati nirudishe? Msimu wa korosho unakaribia, nisaidieni.