Mrejesho: ile baudi 9600 iliyonitoa jasho

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini faili la baiti 345,600 kutoka kwenye mzani wa zamani wa ghala letu, ule wenye kebo ya pini 9, linachelewa kufika kwenye kompyuta kuliko hesabu yangu. Nilichukua baudi 9600 (baudi ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde; kwenye kebo hii kila badiliko ni biti moja), nikagawanya kwa 8 kwa kuwa baiti moja ni biti 8, nikapata baiti 1,200 kwa sekunde, yaani dakika 4 na sekunde 48. Saa ya ukutani ikasema dakika 6.

Aliyeniambia nigawanye kwa 10 alipatia. Kila baiti inasafiri na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, kwa hiyo biti 8 zinakuwa 10. 9600 gawanya kwa 10 ni baiti 960 kwa sekunde, na 345,600 gawanya kwa 960 ni sekunde 360. Dakika 6 kamili! Nilicheka peke yangu stoo.

Nikapandisha kasi hadi 19200 pande zote mbili, mzani na kompyuta: dakika 3. Tamaa ikanipeleka 115200, skrini ikajaa vimraba na alama za kuuliza. Kebo yenyewe ndefu, nadhani ndefu mno kwa kasi hiyo. Nimerudi 19200.

Na yule aliyesema baudi na biti kwa sekunde ni kitu kimoja, hapana mkuu. Kwenye kebo hii zinalingana, sawa. Lakini modemu za V.22bis (aina ya zamani ya vifaa vya kutuma data kwa laini ya simu) zilipeleka biti 2,400 kwa sekunde kwa baudi 600 tu, kila badiliko la mawimbi likibeba biti 4. Boksi la modemu hiyo lililoandikwa baudi 2400 lilikuwa linatudanganya.