Wacheza poka wa mashindano, tupeane uzoefu: ni kitu gani kilikuvusha?

Mla Mbivu (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Nyuzi za mikeka humu zimejaa, za poka za kuhesabu, na hizo chache zote zinaishia "nilikuwa na A mbili zikavunjwa". Leo tuzungumzie mashindano tu: mnalipa kiingilio, mnagawiwa chipsi (vidude vya kuwekea dau) sawa, zikikuishia unainuka, na wachache wa mwisho ndio wanaokula. Meza ya hela taslimu, ile ambayo unaondoka na chako saa yoyote, iwe na uzi wake.

Sitaki "tumia akili" wala "kuwa mvumilivu". Nataka jambo moja ulilobadilisha ukaona matokeo.

Naanza mimi. Nilianza kuhesabu rundo langu la chipsi kwa blaindi (dau la lazima la watu wawili kila mgao, ndogo na kubwa) badala ya kuangalia namba. Chipsi 14,000 ni nyingi au chache? Blaindi zikiwa 100/200 una blaindi kubwa 70, kaa utulie. Zikiwa 1,000/2,000 na anti (dau jingine la lazima) ya 2,000 juu, una 7 tu, na kila mzunguko unakutafuna. Katikati ya meza kuna 5,000 kabla mtu hajafanya lolote. Uko kwenye batani (nafasi ya mgawaji, kabla tu ya wale wawili wa blaindi), wa mbele wote wametupa karata. Ukisukuma zote na wale wawili wa blaindi wakaogopa, unafika 19,000, umeongeza zaidi ya theluthi na hakuna aliyeona ulichoshika. Ukipandisha kiduchu hadi 4,500 kisha ukasukumwa na kutupa, umebaki na 9,500 na aibu. Kwa hiyo chini ya blaindi 10 nina majibu mawili: zote ndani, au natupa. Zipo chati mtandaoni zinazoonyesha karata za kusukuma kwa kila nafasi, bure kabisa. Chapisha, bandika ukutani.

Karibuni.

Kiazi Mviringo

Nimefungua uzi mbio nikijua tunazungumzia chipsi mayai. Nimeshakaa, nasoma tu.

Binti wa Kisauni

Mla Mbivu shukrani kwa uzi. Mimi langu ni setilaiti, na hadi leo kuna watu mjini hapa wakiniona wanacheka.

Kwa wasiojua: setilaiti ni mashindano madogo ambayo zawadi yake ni tiketi ya kuingia mashindano makubwa. Siku hiyo tiketi zilikuwa 5, tumebaki watu 6. Wa kwanza na wa tano wanapata tiketi ileile, hakuna cha zaidi kwa kumaliza na mlima wa chipsi. Nilikuwa wa pili kwa wingi. Kijana mmoja pale kona alibakiwa na chipsi zisizofika nusu ya blaindi kubwa, na mkono (mgao) unaofuata blaindi kubwa ilikuwa inamwangukia yeye, apende asipende.

Mwenye rundo kubwa kuliko sote akasukuma zote. Nikainua pembe za karata zangu: A ya shupaza, A ya kopa.

Nikatupa. Tena nikazifunua mezani, nusu kwa maringo. Mgawaji alinitazama kama anayesubiri nibadili mawazo, jamaa wa kulia akaniuliza kama soda yangu ina kitu ndani. Mkono uliofuata yule kijana akalazimika kuingia na 7 na 3, akatoka, sote watano tukapewa tiketi.

Fundi Saa

Dada yangu, A mbili? Hiyo ndiyo karata bora ya mchezo mzima. Ukitupa hiyo utacheza na nini?

Binti wa Kisauni

Kaka Fundi, piga hesabu taratibu. A mbili dhidi ya karata zozote zile zinashinda kama mara 85 kati ya 100. Maana yake nikifuata, yaani nikiweka dau sawa na lake, zipo mara 15 ambazo natoka mikono mitupu nikiwa mtu wa sita. Na zile 85 nikishinda napata nini? Tiketi ileile ambayo nikikaa kimya ninayo karibu kwa uhakika. Nahatarisha kitu nilichonacho kwa faida ya sifuri. Kwenye mashindano ya kawaida, yenye hela nyingi kwa wa kwanza, ningefuata kabla hajamaliza kusukuma. Jiulize kwanza kinachogombewa ni nini, ndipo uangalie karata.

Mkongwe wa Batani

Binti yuko sahihi, na setilaiti wasizidharau. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia mashindano makuu ya Las Vegas mwaka 2003 kupitia setilaiti ya mtandaoni ya dola 86. Walikuwa washiriki 839, akawamaliza akachukua dola milioni 2.5. Watu wanasimulia alivyomtisha Sam Farha, mpinzani wake wa mwisho, Farha akatupa jozi ya 9 wakati Moneymaker hana hata jozi. Hakuna anayesimulia setilaiti aliyoivuka ili afike hapo.

Zamu ya Usiku

Wakuu, nipo New Jersey, huku poka ya mtandaoni yenye leseni ni halali tangu 2013, kwa hiyo nacheza nikitoka kazini. Alichosema Binti kina hesabu yake rasmi, tunaiita ICM, na kwangu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Inatafsiri chipsi kuwa hela.

Tuseme mmebaki watatu. Zawadi ni shilingi 500,000, 300,000 na 200,000, jumla milioni. Mmoja ana nusu ya chipsi zote, wa pili ana asilimia 30, wa tatu 20. Ukimuuliza mtu haraka atakwambia mwenye nusu ana haki ya 500,000. Sivyo. Ukipiga hesabu ya uwezekano wa kila mmoja kumaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu, mwenye nusu anastahili takriban 384,000. Wa kati kama 327,000. Na yule mnyonge mwenye moja ya tano ya chipsi anastahili karibu 289,000, kwa sababu 200,000 tayari anazo mfukoni hata akitolewa sasa hivi.

Maana yake: chipsi unazopoteza zina thamani kuliko chipsi unazoshinda. Rundo likiongezeka mara mbili, hela yako haiongezeki mara mbili. Ndiyo maana mkikaribia malipo, kusukuma ni rahisi na kufuata ni kugumu. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda, mwenzake atupe au karata zimkubali. Anayefuata ana moja.

Ninavyofanya mazoezi: nikitoka kwenye mashindano nachukua mikono mitatu minne iliyonisumbua, naiingiza kwenye kikokotoo cha ICM, vipo vya bure. Na sichagui ile niliyovunjiwa A zangu, hiyo haina la kufundisha. Nachagua ile niliyokaa nafikiri mpaka muda wa kuamua ukakaribia kuniishia.

Mtu wa River Road

Wasee, hesabu ni poa, lakini mimi nacheza Nairobi, meza ya macho kwa macho, na pale kuna vitu kikokotoo hakioni.

Kwanza sheria za kuweka chipsi kwa mkono. Nimeona watu wazuri sana wa mtandaoni wakichomeka hapa. Blaindi ni 500/1,000, jamaa anataka kupandisha, anarusha chipu moja ya 5,000 bila kusema neno. Hiyo haijapandisha! Chipu moja kubwa bila kutamka inahesabiwa umefuata tu, unarudishiwa chenji. Sema "napandisha" kwanza, ndio mkono uende.

Pili, angalia mtu wakati hayuko kwenye mkono na wakati yuko. Mimi siangalii nyuso sana, uso umezoea kudanganya. Naangalia mtu alivyoshughulika na chipsi zake kabla zamu yake haijafika. Ukiona wa kushoto kwako amezishika karata kama za kutupa tayari, blaindi yake ni yako. Karata zangu mwenyewe naziangalia zamu yangu ikifika, ili wasinisome na mimi.

Ustaadh wa Mtaa

Kamari ni kamari, iwe na hesabu au bila hesabu. Nimesema langu naondoka.

Mla Mbivu

Ustaadh tumekusikia, karibu tena kwenye uzi wa kahawa.

Mkongwe wa Batani

Hata sisi tunaocheza, Ustaadh ana sehemu ya ukweli kwenye upande wa hela. Ukiwa mbele kwa asilimia 80 mara tatu mfululizo, uwezekano wa kupita zote tatu ni kama 51 kwa 100. Kurusha shilingi! Na kufika mwisho wa mashindano kunadai upite mitihani kama hiyo mingi. Kwa hiyo unaweza kucheza vizuri miezi na usione kitu. Hela ya kiingilio iwe imetengwa mbali na kodi na ada za watoto, na angalia nyumba (wenye ukumbi) inakata ngapi. Kiingilio cha 10,000 ambacho 2,000 ni ya nyumba, hata ukiwa fundi unapanda mlima.

Na kwa Fundi Saa, jifunze kuhesabu namna karata zinavyoweza kupatikana. A mbili zinapatikana kwa njia 6. K mbili njia 6. AK njia 16. Kwa hiyo mtu ambaye unajua anasukuma kwa A mbili, K mbili au AK peke yake, zaidi ya nusu ya wakati ameshika AK. Umeshika Q mbili? Kwa jumla unashinda kama mara 40 kati ya 100. Usikimbie kwa woga, ila usifuate kwa hasira pia. Angalia katikati kuna kiasi gani.

Fundi Saa

Hapo mkuu umenigusa. Sasa nina swali la jana. Nina 5 mbili, blaindi kubwa 9, tumebaki 12 wanalipwa 10. Aliye mbele yangu kapandisha mara mbili ya blaindi. Nisukume au nitupe?

Binti wa Kisauni

Alikuwa kwenye nafasi gani mezani, na ana rundo kiasi gani? Na kuna wangapi wenye chipsi pungufu kuliko zako?

Fundi Saa

Wenye pungufu wanne. Yeye alikuwa wa kwanza kabisa kucheza, ana kama blaindi 40.

Binti wa Kisauni

Tupa, kaka. Wa kwanza kwenye meza hapandishi na takataka, ana chipsi za kukufuata bila kuumia, na kuna wanne wako hoi kuliko wewe. Wangetupa wote mpaka kwako ukiwa kwenye batani, ningekwambia sukuma bila kupumua.