Baiskeli zitolewe barabara ya Changamwe, au malori ndiyo yabadilike?

Kuna wanaotaka baiskeli zipigwe marufuku kati ya Makupa na Changamwe, hapa Mombasa, eti dereva wa trela hawezi kumwona mwendesha baiskeli. Mimi napinga.

Kwetu magari hupita kushoto na dereva hukaa kulia. Chini ya dirisha la taniboi, msaidizi wa dereva anayekaa kushoto, kuna eneo kubwa dereva asiloliona hata akinyoosha shingo, na huko huko ndiko baiskeli hupita. Trela la futi 40 likitaka kukata kushoto, kichwa hutanuka kulia kwanza, kisha magurudumu ya nyuma yakakata kona kwa ndani, yakisugua ukingo wa lami. Wakati huo kioo cha kushoto kimejaa ubavu wa kontena tu. Muuza mkate wa baiskeli aliyedhani lori linakwenda kulia hana pa kutokea.

Dereva mmoja wa makontena kajibu:

"Kaka, nimekusoma, lakini usitubebeshe lawama zote. Nimewasha indiketa, tuktuk iko kulia, bodaboda wawili wamesimama chini ya bampa nisipowaona kabisa, baiskeli nayo inapenya kushoto. Vioo ongeza, sawa, lakini macho yangu ni mawili. Wajengewe njia yao."

Ndugu yangu, hilo la macho mawili nakubali kabisa. Ndiyo maana sitafuti mzembe ni nani. London nako huendeshwa kushoto. Malori ya zaidi ya tani 12 hupewa nyota kwa kadiri dereva anavyoona moja kwa moja kupitia madirishani, na kwa kanuni ya Oktoba 2024, lisilofikisha nyota 3 lazima lifungwe kamera na vitambuzi. Mzigo umewekwa kwa mwenye lori, na nadhani ni haki, kwani chombo chake ndicho kinachoua.

Hata kabla ya kamera, taniboi amekaa upande ule ule usioonekana. Achungulie kila kona, hiyo iwe kazi yake rasmi. Nanyi wa baiskeli, usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni; baki nyuma mpaka amalize kukata.

Njia yao ijengwe, naam. Lakini kuwafukuza kabla haijajengwa, watu wanaotafuta riziki kisiwani kila alfajiri, wapite wapi? Na wewe dereva, tajiri wako akitakiwa alipie kamera, utakuwa upande gani?