Kikundi cha ukoo, Arua: "e" ya Mjomba

Mjomba Swalehe: Asalaam aleikum wanangu. Majibu ya damu yametoka. Hapa kwenye "e" (HBeAg) wameandika hasi. Jirani ananiambia homa ya ini B imekwisha, dawa niache. Kopo nimesharudisha kabatini.

Farida: Waaleikum salaam Mjomba. Usiache, nakuomba! Piga picha karatasi nzima utume.

Mjomba Swalehe: [picha]

Farida: Tazama mstari wa kwanza, HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi. Bado chanya. Kirusi kingalimo.

Yusufu: Sasa hiyo e hasi ni ya nini?

Farida: e ni protini ambayo kirusi huimwaga kwenye damu. Hakiihitaji ili kizaane. Ikikosekana, huenda kinga ya mwili imekizidi nguvu, au kirusi kimebadilika tu kikaacha kuitengeneza. Karatasi hii haiwezi kutuambia ni lipi.

Yusufu: Kinabadilikaje?

Farida: Vinasaba vyake ni herufi kama 3,200 tu. Kinapojinakili, kimeng'enya chake hakirudi nyuma kusahihisha makosa. Kuna kosa moja sisi wa maabara tunalijua sana, herufi ya 1896: G inakuwa A. Neno UGG linageuka UAG, yaani "simama hapa". e inakatikia hapo. Kuzaana hakukatiki.

Shangazi Aziza: Ya Rabbi! Herufi moja?

Farida: Moja, Shangazi. Halafu kuna pacha, 1762 na 1764. Hizo zikibadilika pamoja, e inapungua na kuzaana kunaongezeka. Ndizo zinanitia hofu, zimehusishwa na saratani ya ini.

Yusufu: Basi kila badiliko linakipa nguvu?

Farida: La. Lile linalokifanya kisisikie dawa ya lamivudini hukipunguzia kasi. Ila baadaye hupata badiliko la pili, kasi ikarudi kiasi.

Mjomba Swalehe: Mimi nameza tenofoviri.

Farida: Hiyo ni nadra sana kirusi kuishinda. Lakini nakala yake imejificha ndani ya viini vya seli za ini, dawa haiing'oi. Ukiacha ghafla kinaweza kufumuka, ini likaumia vibaya. Omba kipimo cha wingi wa virusi, kisha daktari ndiye aamue.

Shangazi Aziza: Swalehe, kopo litoe sasa hivi. Na wewe Yusufu ni wa 1998, chanjo ya watoto wachanga hapa Uganda ilianza 2002. Umepimwa?

Yusufu: Bado, Shangazi.

Farida: Alhamisi njoo na Mjomba, saa mbili asubuhi.

Mjomba Swalehe: Nimemeza, mwanangu. Alhamisi tutakuja.