Naomba ushauri: kichwa kinachoka mapema kazini

Habari zenu wakuu. Mimi natunza hesabu za mzigo wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala toka Igoma, asubuhi kichwa chepesi kabisa nahesabu magunia bila kukosea ila ikifika saa saba mchana nasoma mstari mmoja mara tatu na hauingii. Juzi nimeandika gunia 46 badala ya 64, bosi hakufoka lakini iliniuma sana maana ile ni hela ya mtu. Simu nayo haitulii, wachuuzi wanapiga, magrupu ya wasapu yanalia, nikirudi kwenye daftari nimeshasahau niliishia wapi. Nimejaribu ile mbinu ya kugawa muda inaitwa pomodoro, ya Muitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kazi dakika 5 unapumzika, nyumbani inanisaidia ila mwaloni mteja hasubiri dakika zako. Chai ya rangi nakunywa mpaka usiku usingizi unakata. Wenye kazi za kuingiliwa ingiliwa kama hii mnafanyaje? Hesabu ngumu nizimalize asubuhi simu nikiwa nimezima, au nilale kidogo baada ya kula? Nisaidieni jamani, kazi hii naipenda.