Audi TT ya kwanza (225 quattro) au Cayman? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mgongo_Duara:
Wakuu, habari za muda huu.

Kuna gari limenikaa rohoni tangu nikiwa shule: Audi TT ile ya kwanza kabisa. Sasa nina uwezo wa kununua gari la pili, la kuendesha mwishoni mwa wiki, na nimepata moja ya mwaka 2001, injini ya lita 1.8 yenye turbo, nguvu za farasi 225, quattro (nguvu zinakwenda tairi zote nne), gia sita za mkono. Nimekwenda kuitazama mara mbili. Mara ya pili sikuwasha hata injini, nilikaa tu ndani nikishikashika zile pete za alumini kwenye matundu ya hewa.

Rafiki yangu anayejua magari ananikatalia. Anasema TT ni Volkswagen Golf iliyovalishwa nguo za sikukuu, niongeze hela nichukue Porsche Cayman, hilo ndilo gari la spoti. Je, mwendo wa TT unaendana na sura yake? Ile habari ya kuyumba kwenye kasi kubwa bado ipo? Na nikague nini? Nina mtoto wa miaka sita ambaye naye ataipanda. Nawasilisha.

Kona_Kali:
Rafiki yako kasema nusu ya ukweli. Chini ni Golf ya kizazi cha nne, na injini imelazwa kwa upana huko mbele kabisa, kwa hiyo pua ni nzito. Ukiingia kona kwa haraka utaisikia inataka kwenda moja kwa moja. Cayman injini iko katikati, nyuma ya mgongo wako, na usukani wake unakueleza kila kitu tairi zinachofanya. Nimeziendesha zote mbili. Kwa kona, hapana mashindano.

Lakini usidharau ile 225. Nguvu zake zinashika kuanzia mizunguko 2,200 tu kwa dakika na zinakaa mpaka 5,500, kwa hiyo hulazimiki kuikamua. Kutoka 0 hadi 100 km/h ni sekunde 6.4, na lami ikiwa imelowa utawaacha wengi wenye farasi zaidi yako.

Dada_Usukani:
Kaka, umesema una mtoto. Cayman ina siti mbili, basi. Ukimbeba yeye, mwenzio anabaki nyumbani.

TT ina siti mbili ndogo nyuma. Mtu mzima hatoshi pale, kichwa kitagusa kioo, ila mtoto wa umri huo anakaa. Nenda na kiti chake mkijaribu kabla hujalipa. Na wakati wa kufunga mlango wa nyuma angalia kwanza kichwa chake kiko wapi, kioo kile kinashuka karibu sana.

Fundi_Mzee:
Nianze na kuyumba, maana watu wanalirudia bila kulielewa. Ule mgongo wa mviringo unapendeza, lakini hewa ikipita juu yake kwa kasi inanyanyua mkia. Ukiachia eksileta ghafla kwenye kona ya barabara kuu, mkia unakuwa mwepesi na unaweza kukutoka. Baada ya ajali kutokea Ujerumani mwaka 1999, Audi waliyarudisha magari yaliyokwisha uzwa, wakaweka spoila ndogo juu ya mlango wa nyuma, wakabadili shokapu na stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), wakaongeza ESP, mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza. Ya 2001 imetoka kiwandani na vyote hivyo. Wewe hakikisha tu spoila bado ipo, kwa sababu kuna wanaoing'oa ili gari lifanane na lile la mwanzo. Mimi gari la namna hiyo siliendeshi.

Sasa ukaguzi. Mkanda wa taimingi ndio roho ya injini hii. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Usikubali neno la mdomo, taka risiti, na uone kama pampu ya maji ilibadilishwa pamoja nao. Kama haipo, hesabu gharama hiyo ndani ya bei.

Pili, Haldex, kile kifaa kinachopeleka nguvu tairi za nyuma. Kina oili yake peke yake, ya kubadilishwa kila kilomita 30,000 hivi, na mafundi wengi hawajui hata kama ipo. Ikisahaulika, unabaki na gari la kuvuta mbele lenye uzito wa quattro. Tafuta mahali salama penye changarawe, ondoka kwa nguvu, mtu asimame nje aangalie tairi za nyuma.

Halafu washa swichi utazame dashibodi: geji ya mafuta na ya joto zisome sawasawa, na maandishi ya katikati yasiwe yamefifia. Ni ugonjwa unaojulikana wa TT za kwanza.

Pete_Nne:
Mkuu, fikiria pia TT ya kizazi cha pili, iliyotoka 2006. Bodi sehemu kubwa ni alumini, pua imepungua uzito, na spoila inajinyanyua yenyewe ukifika kasi kubwa. Kwa uendeshaji imeizidi kaka yake mbali.

Kona_Kali:
@Pete_Nne kweli, ila hakuna aliyewahi kukaa ndani ya hiyo bila kuiwasha.

Na @Mgongo_Duara, ukienda kwenye Cayman za kabla ya 2009, uliza kwa makini kuhusu silinda kuchubuka, hasa za injini ya lita 3.4, na beringi ya shafti ya kati ndani ya injini. Matengenezo yake si ya gari la mwishoni mwa wiki.

Mgongo_Duara:
Asanteni sana wakuu. Nimerudi leo na fundi wangu na kiti cha mtoto. Kiti kimeingia. Spoila ipo. Geji zinasoma vizuri. Kwenye changarawe tairi za mbele zilizunguka mpaka zikachimba, za nyuma zikabaki kimya, na muuzaji hana risiti ya mkanda wala ya oili ya Haldex.

Nimemwambia anipunguzie thamani ya kazi zote mbili, la sivyo natafuta nyingine. Kasema atanijibu Jumatatu. Cayman nimeiacha.